Shajara ya mradi: vitabu vya picha vya Kihispania na Kiingereza, darasa la kwanza, Houston

Agosti, wiki ya kwanza ya masomo

Mwalimu mkuu ametukubalia. Kuanzia mwezi huu hadi mwisho wa mwaka wa masomo, watoto wetu wa darasa la kwanza watasomewa kila asubuhi vitabu vya picha vyenye Kihispania na Kiingereza, na baadaye kila Ijumaa kila mtoto ataondoka na kitabu ndani ya kifuko kwenda nacho nyumbani. Ninaandika hapa kwa ajili ya walimu na wasaidizi wenzangu wanaosoma Kiswahili. Najua wengi wetu tumeajiriwa katika shule za Marekani kwa sababu ya watoto wa Kikongo, kisha tunajikuta darasani tumezungukwa na watoto wanaosema Kihispania ambao nao wanatuhitaji.

Shule iko kusini-magharibi mwa Houston, jimbo la Texas, upande wa Gulfton, mtaa wa magorofa ya kupanga. Kihispania utakisikia kwenye ngazi, dukani, kituo cha basi na kwa fundi wa magari. Wazazi wengi wametoka Honduras, El Salvador, Guatemala na Mexico. Wamo pia watoto wachache waliozaliwa kwenye makambi ya wakimbizi ya Tanzania na Burundi, wazazi wao ni wa Kivu, mashariki mwa Kongo, nyumbani wanasema Kiswahili.

Darasa letu ni la Kiingereza. Sheria ya Texas inasema wilaya ya elimu ikiwa na watoto 20 au zaidi wa lugha moja katika daraja moja, wote wakiwa bado wanajifunza Kiingereza, lazima iwawekee programu ya lugha mbili. Kwa Kihispania idadi hiyo inafikiwa hapa bila jasho. Ila mzazi ana haki ya kukataa, na wazazi wa darasa hili wengi walikataa. Walitia saini mtoto afundishwe Kiingereza tu. Watoto wa Kiswahili idadi yao haifiki, kwa hiyo wazazi wao hawakupata cha kukataa wala cha kukubali.

Mwalimu mwenye darasa ni mzaliwa wa Monterrey, Mexico, na ana cheti cha kufundisha kwa lugha zote mbili. Yeye ndiye aliyelileta wazo. Mimi kazi yangu ni vifuko, orodha, wazazi wa Kikongo, na kusoma kwa zamu.

Septemba, mwanzoni

Kukusanya vitabu kumekula wiki nzima, na nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kitabu cha picha cha kawaida kina kurasa 32. Chenye jalada gumu kinauzwa karibu dola 18 hadi 20, chenye jalada laini ni nafuu zaidi, na bajeti yetu ni ya jalada laini. Vingine tumeazima maktaba ya jiji. Houston ina bahati ambayo miji mingi haina: wachapishaji Arte Público Press, walioanza mwaka 1979, wako hapa hapa, Chuo Kikuu cha Houston, na mwaka 1994 wakaanzisha Piñata Books, tawi lao la vitabu vya watoto na vijana. San Francisco walitangulia kwa watoto, Children's Book Press ilianza mwaka 1975 kwa nia hasa ya kuchapisha vitabu vya lugha mbili. Nataja miaka hii kwa sababu mwenzetu mmoja ofisini alisema ni mtindo mpya tu, utapita. Pura Belpré, mzaliwa wa Puerto Rico, aliingia kazini maktaba ya umma ya New York mwaka 1921, akawa anawasimulia watoto wa Harlem hadithi kwa Kihispania na Kiingereza, na vikaragosi mkononi. Hiyo ni zaidi ya miaka mia moja.

Sasa namna ya kuvichambua. Tulivitandaza vyote juu ya meza za chakula, tukaviangalia kimoja kimoja kwa mambo matatu.

La kwanza, mpangilio wa ukurasa. Fungua vitabu vingi vya lugha mbili utaona Kiingereza kiko juu, kwa herufi nzito nyeusi, na Kihispania kiko chini, kwa herufi za mlazo, wakati mwingine za rangi ya kijivu. Na kwa kuwa Kihispania aghalabu huchukua nafasi zaidi kuliko Kiingereza kwa maana ileile, mchapaji huzibana herufi ziweze kuenea. Mtoto wa miaka sita hajui siasa ya lugha, lakini anajua kikubwa na kidogo, anajua cha juu na cha chini. Vitabu vilivyotoa ukubwa sawa kwa lugha zote mbili, au vilivyotanguliza Kihispania, tumevitenga kwenye rundo la kwanza.

La pili, kama Kihispania kinasomeka. Vitabu vingi viliandikwa kwa Kiingereza cha vina, kisha vikatafsiriwa. Vina vimekwenda na maji, na kilichobaki ni sentensi ndefu isiyo na mapigo. Mwalimu mwenzangu alikuwa anasoma kwa sauti ukurasa mmoja mmoja, na pale ulimi wake ulipojikwaa mara mbili kitabu kilirudi kwenye sanduku. Vilivyoandikwa na watu wanaoishi katika lugha zote mbili vinajulikana mara moja. Mtoto akiombwa arudie mstari, anaurudia bila kusukumwa.

La tatu, watu waliomo. Tulitaka majiko, mabasi, mafundi, mama wanaotoka kazini usiku. Vitabu ambavyo Mlatino, yaani mtu mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, anaonekana kwenye sherehe tu tumechukua vichache.

Septemba, mwishoni

Namna ya kusoma imetulia. Wengi husoma sentensi kwa Kihispania kisha papo hapo wanaitafsiri, sentensi kwa sentensi hadi mwisho. Sisi hatufanyi hivyo. Mtoto anayejua kuwa tafsiri inakuja huacha kusikiliza lugha moja, akasubiri ile nyingine, na watoto ni wepisi sana wa kujua. Mwenzangu anafuata utaratibu ambao walimu wa lugha mbili wanaujua siku nyingi: kwanza mazungumzo mafupi kwa Kihispania juu ya picha, kitabu kinahusu nini, nani yumo, kisha usomaji kamili kwa Kiingereza, kisha kurudi kwa Kihispania kujadili yaliyotokea. Siku inayofuata tunageuza, kitabu kilekile kinasomwa chote kwa Kihispania. Kitabu kimoja kinakaa nasi wiki nzima.

Nimekata vipande virefu vya karatasi ya manila, upana wa mistari mitatu. Siku ya Kihispania kipande kinafunika Kiingereza, siku ya Kiingereza kinafunika Kihispania. Ni kitu cha senti chache, na kimefanya kazi kuliko vingi vilivyonunuliwa kwa bei kubwa. Jumatano msichana mmoja, ambaye tangu Agosti alikuwa hasemi neno kwenye zulia tunapokaa kusoma, alinyoosha mkono akaomba akishike kile kipande yeye. Akakishika imara juu ya mistari ya Kiingereza, na kila ukurasa ulipogeuzwa akakisogeza mwenyewe, akiwa anasoma Kihispania chini chini kabla ya mwalimu. Hatukujua kuwa anaweza kusoma. Mwalimu alisimama akamwachia sentensi nzima, na darasa likakaa kimya kumsikiliza.

Alama ya kuuliza iliyopinduliwa mwanzoni mwa sentensi, ¿, inawafurahisha mno. Kihispania kinakuarifu mapema kwamba hili ni swali, panda sauti. Wakaanza kudai Kiingereza nacho kiwekewe.

Oktoba

Mkutano wa wazazi. Nilijua swali hili litakuja, likaja dakika ya tano. Baba mmoja kutoka Comayagua, Honduras, bado amevaa viatu vya kazi vyenye vumbi la saruji, alisema kwa adabu kabisa: "Maestra, mimi Kihispania ninacho nyumbani. Mtoto nimemleta hapa apate Kiingereza. Kwa nini tena mnampa Kihispania?"

Swali hili ni la haki na linastahili jibu kamili. Mwenzangu alijibu bila haraka. Kusoma, alisema, mtu hujifunza mara moja. Mtoto akishaelewa kwamba alama hizi ni sauti, kwamba hadithi inatoka kushoto kwenda kulia, kwamba unaweza kukisia kinachofuata na kurudi nyuma kuhakikisha, hajifunzi tena upya kwa kila lugha, anavihamisha. Jim Cummins, mtaalamu wa Kanada, ameliandika hili tangu mwaka 1979, na walimu waliofundisha watoto wa lugha mbili wanaliona kwa macho. Kihispania kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mlango wa kuingilia ni mpana. Kiingereza kina maneno mengi ambayo mtoto lazima ayakariri umbo lake. Mtoto aliyekwisha kuwa msomaji kwa Kihispania anaingia kwenye Kiingereza akiwa msomaji tayari, kilichobaki ni lugha.

Kisha akamwambia jambo lililomgusa zaidi kuliko hoja zote: akimaliza darasa la tano bila Kihispania cha kusoma, nani atamsomea bibi yake barua, na nani atamweleza baba yake karatasi za hospitali kwa maneno sahihi? Yule baba hakusema amekubali. Aliuliza vifuko vinaanza lini.

Mimi kwa upande wangu nilitamani wote wajue kwamba Miami, shule ya Coral Way, walianza mwaka 1963 kufundisha watoto wa wakimbizi wa Kuba na watoto wa Kimarekani pamoja, nusu ya siku Kihispania na nusu Kiingereza, katika shule ya serikali, na watoto wa pande zote mbili wakasoma. Muda haukutosha.

Novemba

Vifuko vimeanza kutoka. Kila kimoja ni cha kitambaa chenye zipu, ndani kuna kitabu, kipande cha manila, na kadi ndogo. Kadi haina maswali ya majaribio. Ina maombi mawili tu: soma kwa lugha unayoipenda, na muulize mtoto angefanya nini kama yeye ndiye aliyeko kwenye picha. Tulikataa kuweka fomu ya kutia saini. Mama anayesafisha ofisi hadi saa sita za usiku hahitaji karatasi nyingine ya kumuuliza kama ni mzazi mzuri.

Kwa walio kazini jioni tumefungua njia ya ujumbe wa sauti. Mzazi anapiga picha kurasa, akiwa kwenye mapumziko anasoma kwenye simu na kututumia kwa WhatsApp, nasi tunamchezea mtoto asubuhi, kitabu kikiwa mkononi. Ujumbe wa kwanza kufika ulikuwa na kelele za mashine nyuma yake. Mtoto aliweka simu sikioni, akafungua ukurasa, akafuata kwa kidole. Baba alipoanza kusoma kwa kasi kuliko kidole, mtoto akamwambia, "Despacio, papi," yaani polepole, baba, kana kwamba yupo pale.

Kitu kingine kilichojitokeza katika sauti hizo: vitabu vyetu karibu vyote vinamwambia mtoto *tú*, yaani wewe, kama wanavyosema Mexico. Wazazi wa Honduras na El Salvador wanapofika hapo wanasoma *vos*, ambayo ni "wewe" ya kwao, na kitenzi wanakibadilisha papo hapo bila kusita. Mwenzangu aliniuliza kama tuwaombe wafuate maandishi. Tukakubaliana waachwe. Mtoto anapata Kihispania cha kitabuni kwenye zulia na cha kwao kwenye simu, na vyote viwili ni vyake.

Desemba

Mwezi mfupi. Vitabu vya mapishi ya Krismasi vimezunguka zaidi ya vyote, na bibi watatu wamekuja darasani kusimulia tamales, chakula cha unga wa mahindi kinachofungwa na kupikwa kwa mvuke, zinavyokunjwa: wa Mexico kwa maganda ya mahindi, wa El Salvador na Honduras kwa majani ya migomba. Watoto wa Kikongo waliona majani ya migomba wakaruka, wanayajua. Vifuko viwili havijarudi. Nimeambiwa viko kwa shangazi, Dallas.

Januari

Hili nataka liandikwe vizuri.

Kuna mtoto ambaye fomu yake ya uandikishaji, ile inayouliza lugha ya nyumbani, ilijazwa Kihispania. Kifuko chake kilikuwa kinarudi kila Jumatatu safi mno, kipande cha manila hakijasogezwa. Nilimngoja mama yake langoni. Ametoka Totonicapán, Guatemala. Kihispania anakisema kidogo, hakisomi. Lugha yao ni Kik'iche', moja ya lugha za Wamaya, na jamii ya Wak'iche' hapa Houston si ya jana, wako tangu miaka ya 1980. Alipofika kuandikisha mtoto aliona Kihispania ndicho jibu ambalo ofisi ingelielewa.

Mwenzangu alimwambia: usisome. Fungua picha, simulia kwa lugha yako. Yule mama alishangaa, akauliza kama inaruhusiwa.

Wiki iliyofuata mtoto alisimama mbele ya zulia kueleza kitabu. Darasa zima lilikwisha kukijua kitabu hicho, hadithi ya kijana anayekwenda sokoni na mjomba wake. Lakini yeye alitupa hadithi nyingine. Katika hadithi yake mhusika mkuu ni mbwa mwembamba aliyechorwa pembeni mwa ukurasa wa tatu, ambaye sisi sote tulimpita bila kumwona. Mbwa anafuata harufu, anaibiwa mfupa, anarudi nyumbani kwa njia ya mtoni. Watoto walikivamia kitabu kumtafuta mbwa, na kweli yupo, karibu kila ukurasa, nyuma ya miguu ya watu. Mchoraji alimweka pale, na maandishi, ya Kihispania na ya Kiingereza, hayamtaji hata mara moja. Mama aliyeziangalia picha tu ndiye aliyemwona.

Tumebadilisha kadi za vifuko. Sasa zinasema: soma au simulia, kwa lugha yoyote.

Februari

Mama mmoja wa Kikongo amenisimamisha. "Mwalimu, huyu mutoto anatufundisha Kihispania nyumbani. Anahesabu uno, dos, tres, mpaka mudogo wake anamufuata. Ni muzuri. Lakini sasa Kiswahili si itapotea?"

Nikamwambia, "Mama, hapana, na Kiswahili tunakitengenezea kitabu chake. Naomba unisaidie."

Watoto wa Kiswahili, kwa kweli, wamekuwa wepisi mno kwenye kurasa za Kihispania. Irabu ni zilezile tano, a, e, i, o, u, zinatamkwa hivyohivyo, na silabi zimekaa wazi. Mwenzangu anapofundisha *ma, me, mi, mo, mu* ubaoni kama alivyofundishwa utotoni, mimi nasikia darasa la kwanza la Tanzania. Mtoto wa Kikongo anayekwama kwenye neno la Kiingereza lenye herufi zisizotamkwa, anasoma mstari wa Kihispania wote kwa sauti kubwa, hata kama maana ataipata baadaye kutoka kwenye picha. Kwake huo ulikuwa ukurasa wa kwanza Marekani alioumaliza mwenyewe.

Tumeanza kutengeneza vitabu. Karatasi nne za kawaida zikikunjwa katikati na kupigwa stepla kwenye mkunjo zinatoa kurasa 16. Mtoto anachora, mzazi au mtoto anaandika mistari miwili, lugha mbili anazotaka yeye. Hadi sasa tuna Kihispania na Kiingereza, Kik'iche' na Kihispania (binamu mkubwa ndiye aliyeandika), Kiswahili na Kiingereza, na kimoja cha Kiswahili na Kihispania, kazi ya wavulana wawili wanaokaa meza moja.

Kwenye kile cha Kiswahili baba aliandika "niko naenda" na "mutoto". Mwalimu mmoja wa Kiswahili niliyemwonyesha alitaka nisahihishe. Nimekataa, kwa sababu ileile iliyotufanya tuiache *vos*. Kiswahili cha Kamusi nitawasomea mimi kutoka kwenye vitabu vilivyochapwa, na watakipata. Cha Bukavu, kwao Kivu, mtoto atakipata wapi kingine kilichoandikwa, tena kwa mkono wa baba yake?

Machi

Msimu wa tathmini ya Kiingereza ya jimbo, kwa hiyo nusu saa yetu ya kusoma imebanwa. Hatukuiachia. Siku nyingine ilikuwa dakika kumi, kitabu kimoja, lugha moja.

Vitabu vinavyoombwa zaidi kwa vifuko sasa ni vile vya kurasa 16 vilivyotengenezwa na watoto wenyewe. Vimeanza kuchakaa, kwa hiyo nimepata ruhusa ya kutumia mashine ya plastiki ya ofisi kwa majalada.

Tunajiandaa kwa tarehe 30 Aprili, siku ya watoto ambayo Mexico wanaiadhimisha miaka mingi na ambayo hapa Marekani, tangu miaka ya 1990, maktaba na shule zimeifanya kuwa siku ya watoto na ya vitabu pia. Wazazi watasoma darasani kwa zamu. Orodha ya majina iko mlangoni na nafasi za asubuhi zimejaa. Walio zamu ya usiku ndio waliozichukua, watapitia shuleni kabla ya kwenda kulala. Nimeomba viti vya watu wazima, maana mwaka huu hatutaki bibi yeyote akae kwenye kiti cha mtoto.

Walimu wa chekechea wameomba wachukue mradi mwezi Agosti. Nimewapa vipande vya manila, kadi, na ombi moja: kabla ya kununua kitabu chochote, waulize kila mzazi ana kwa ana ni lugha gani anamwimbia mtoto usiku, wasitegemee fomu.